Maganda Mawili Si Undugu: Kadudu ka Matope Kenye Kanajua Siri za Ziwa Nakuru

Cheki hii. Kuna kadudu kadogo kuliko punje ya simsim, kanaishi katikati ya maganda mawili yanafunguka na kufunga kama pochi, na ukoo wake umekuwa duniani kwa zaidi ya miaka milioni 450. Dinosaria walikuja, wakatamba, wakazikwa. Kenyewe bado kako. Kanaitwa ostrakodi.

Kabla useme hii ni stori ya maprofesa na urudi kwa udaku, ngoja kidogo. Kama unakaa Rhonda, Kaptembwa, Mwariki ama Barut, unajua vile ziwa limekuwa likipanda tangu mwaka wa 2010 hivi. Geti ya mbuga ikamezwa na maji, miti ikasimama imekauka ndani ya ziwa, na wasee wa Mwariki na Barut wakahama keja na mashamba yao. Swali lenye kila mtu anauliza ni moja: hii kitu imewahi kufanyika ama ni mpya? Hakuna mzee wa mtaa ako na miaka elfu kumi akuambie. Matope ndio yanajua. Na ndani ya matope, kati ya wale mashahidi wanaongea poa, ni maganda ya hawa wadudu.

Shida ni moja tu. Ganda linaweza kukudanganya. Watu wa sayansi walikaa miaka mingi wakiita wanyama wa kale "ndugu" juu tu wamevaa ganda moja. Twende pole pole.

Kwanza, huyu ni nani?

Usimchanganye na kome ama chaza wa Mombasa. Hao pia wako na maganda mawili, lakini ndani ni nyama laini tu, hakuna mguu wa viungo. Ostrakodi ni arithropodi, ile jamii kubwa ya wanyama wenye miguu ya kukunjika na gamba la nje: buibui, nge, tandu, mende, kaa, kamba. Ndani ya hiyo jamii yeye ni krustasia, upande wa kaa na kamba. Na usicheke, wadudu wote pia wanatoka kwa huo mti wa krustasia. Kwa hivyo mende wa keja yako na kamba wa sahani ya hoteli kule pwani ni mabinamu. Ostrakodi ni binamu mwingine, yule mdogo mwenye hatoki nyumbani.

Jina lenyewe limetoka kwa neno la Kigiriki la ganda, ama kigae cha chungu. Na kweli ukiangalia haya maganda chini ya hadubini, yanakaa vigae vidogo vya chungu, mengine laini, mengine yamechorwa mashimo na matuta kama uso wa mwezi.

Wengi ni wa nusu milimita hadi milimita mbili. Yule jitu wao, Gigantocypris wa bahari ya kina, anafika karibu sentimita tatu. Wamegawanyika makundi mawili makubwa: miodokopa, hao ni wa baharini, na podokopa, wenye wako baharini na pia kwa maziwa, mito, visima na hata madimbwi ya mvua. Ukiona ostrakodi huku Bonde la Ufa, huyo ni podokopa.

Fungua ganda tuone ndani

Maganda mawili yameshikana juu, upande wa mgongo, kwa bawaba kama ya mlango. Bawaba ya wengine iko na meno yanaingiana ndio mlango usiyumbe. Katikati kuna misuli inatoka ganda moja hadi lingine. Hatari ikija, misuli inavuta, mlango unafungwa. Mnyama akikufa nyama inaoza, lakini pale misuli ilishika panabaki alama kwa ganda. Hizo alama ni kama alama za vidole. Mtaalamu anaangalia zimejipanga aje na anaanza kukuambia huyu alikuwa wa familia gani.

Ganda lenyewe limejaa vitundu vidogo sana, na kwa vitundu kunatoka nywele. Hiyo ndio njia yake ya kujua nje kunaendelea nini bila kufungua mlango.

Ndani mwili hauna pingili za wazi kama za panzi. Ni kichwa kikubwa, kifua kidogo, basi. Mbele kuna jozi mbili za papasi, na hizo si za kunusa tu, wengi wanaogelea nazo na kupandia nazo majani. Halafu kuna taya za kutafuna, viungo vya kusukuma chakula mdomoni na maji yenye hewa mwilini, na miguu ya kutembea. Podokopa wengi wako na jicho moja tu katikati ya kichwa. Miodokopa wengi wanaongeza macho mawili makubwa kando.

Sasa hapa ndio pa maana kwa stori yetu. Kama arithropodi wote, ostrakodi hawezi kukua bila kuvua nguo ya zamani. Podokopa anavua mara nane kabla awe mtu mzima. Kila akivua anaacha maganda mawili na anajenga mengine upesi, na kalisi ya kujengea anaitoa kwa maji yenye ako ndani siku hiyo. Hesabu mwenyewe: nguo nane za utotoni na moja ya utu uzima, hiyo ni jozi tisa kutoka kwa mnyama mmoja. Ndio maana kijiko kimoja cha matope ya ziwa kinaweza kuwa na maganda mengi ajabu.

Na kwa wale wa udaku, mko na yenu. Mwaka wa 2020 watafiti walitangaza ostrakodi wa miaka kama milioni 100 waliopatikana wamenaswa kwa kaharabu ya Myanmar, na ndani ya jike mmoja kulikuwa na mbegu za kiume bado ziko sawa. Jina lake Myanmarcypris hui. Hizo mbegu ni kubwa kwa kiasi cha kushangaza, juu kati ya ostrakodi wa maji baridi mbegu moja inaweza kuwa ndefu kuliko mwili wa dume mwenyewe. Spishi zingine nazo zimeamua hazitaki stress, majike wanazaa bila dume kabisa.

Riflekta moja, mama tofauti

Enda steji yoyote ya boda pale Rhonda. Wasee kumi wamevaa riflekta za rangi moja. Mgeni anaweza kudhani ni watoto wa mama mmoja. Wewe unajua mmoja ametoka Bomet, mwingine Kisii, mwingine amezaliwa hapo hapo nyuma ya soko. Riflekta inakuambia kazi, haikuambii ukoo.

Ganda la maganda mawili ndio riflekta ya bahari. Lilivaliwa na wanyama wengi wenye hawahusiani karibu, juu kazi ilikuwa moja: kinga tumbo, elekeza maji, usiliwe.

Mfano wa kwanza ni Kunmingella, kadudu ka milimita chache kenye kalijaa bahari ya mahali penye leo ni mkoa wa Yunnan, China, miaka kama milioni 518 iliyopita. Kundi lake linaitwa bradoriida na lilishaisha kitambo. Kwa muda mrefu, maganda pekee ndio yalikuwa yamepatikana. Ni madogo, yako mawili, yameshikana mgongoni. Wataalamu wakasema hawa ni ostrakodi wa kwanza kabisa, kesi imefungwa. Halafu kule Chengjiang wakapatikana wenye miguu na papasi bado iko. Kuangalia, miguu ya nyuma ya papasi inafanana fanana, kila mmoja kama mwenzake, haijagawana kazi ya kutafuna na kushika vile ya krustasia wa kweli imegawana. Hata ganda lenyewe halikuwa gumu kama la ostrakodi. Bradoriida wakatolewa kwa ukoo wa ostrakodi na kupelekwa chini kabisa ya mti, mahali matawi yanaanza.

Wa pili ni Isoxys, naye wa bahari hizo za kale, ganda lake lina miiba mirefu mbele na nyuma. Kwa ganda angekaa mpole. Vile miili mizima ilipatikana, ikaonekana mbele ana mikono miwili ya kukamata windo. Alikuwa mwindaji, na naye hana taya za kikrustasia.

Wa tatu ndio mwenyewe, Odaraia. Huyu alielezwa mara ya kwanza mwaka wa 1912 na Charles Walcott, kutoka mawe ya Burgess Shale kule Kanada, miaka kama milioni 508. Alikuwa mkubwa, kama sentimita 20. Fikiria smocha: chapati ndio ganda, imezunguka mwili karibu wote, na smoki ndio mnyama. Upande mmoja panatokea macho mawili makubwa, upande ule mwingine mkia wa mapanga matatu. Ndani ya chapati kulikuwa na zaidi ya jozi 30 za miguu, na inaonekana alikuwa anaogelea tumbo ikiangalia juu. Zaidi ya miaka mia moja watu walibishana ni wa ukoo gani. Mwaka wa 2024 watafiti wa Toronto, Alejandro Izquierdo-López na Jean-Bernard Caron, wakaonyesha kwamba ako na taya za kutafuna. Hiyo ikamweka kwa mandibulata, kundi kubwa lenye krustasia, wadudu, tandu na jongoo.

Unaona mchezo? Watatu wamevaa nguo ya mtindo mmoja. Mmoja ni mfagia sakafu ya bahari, mmoja mwindaji, mmoja binamu wa mende. Kilichoamua ni miguu na mdomo. Ganda halikuamua kitu.

Yule wa Uingereza mwenye aliwekwa gazetini

Mwaka wa 2003 David Siveter na wenzake walitoa ripoti ya ostrakodi wa miaka milioni 425 kutoka Herefordshire, Uingereza. Walimwita Colymbosathon ecplecticos, na kwa Kigiriki hilo jina linamsifu kama mwogeleaji wa ajabu mwenye uume mkubwa. Magazeti ya dunia yakaichukua na speed, juu huo ulikuwa uume wa zamani zaidi kuwahi kupatikana kwa fosili. Mnyama mzima ni kama milimita tano.

Lakini achana na kichwa cha habari, angalia vile walimpata. Alikuwa amezikwa chini ya bahari na majivu ya volkano, ndani ya donge gumu la jiwe. Huwezi kumtoa na nyundo. Walisaga jiwe kidogo kidogo, kila hatua sehemu ndogo sana ya milimita, wakipiga picha kila mara, halafu kompyuta ikaunganisha picha zote kuwa mwili mmoja. Jiwe lenyewe likaisha, mnyama akabaki kwa kompyuta. Macho, miguu, matamvua ya kupumulia, vyote wazi. Na miili hiyo iko karibu sawa na ya ndugu zake wanaishi baharini leo. Miaka milioni 425, na hawajaona haja ya kubadilisha.

Hata huku kwetu wako

Tukivuka mpaka kwenda Tendaguru, mkoa wa Lindi, Tanzania. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani, na mamia ya wafanyakazi Waafrika wenye ndio walichimba na kubeba mzigo kwa miguu hadi bandarini, walitoa dinosaria wakubwa sana. Mmoja, Giraffatitan, amesimama Berlin, zaidi ya mita 13 kwenda juu. Kila mtu akaangalia mifupa. Lakini kati ya tabaka za mifupa kuna tabaka za bahari, na humo kuna ostrakodi wa spishi zenye hazipo tena. Hao ndio wametumika kujua lini bahari iliingia, lini maji yalikuwa ya chumvi nusu, lini yalikuwa baridi. Dinosaria anakuambia nani alikufa. Ostrakodi anakuambia alikufa karibu na maji gani.

Upande wa Kenya, tabaka za Koobi Fora kando ya Ziwa Turkana ziko nao. Na mwaka wa 2013 mradi mkubwa wa kuchimba, ukiongozwa na Andrew Cohen wa Chuo Kikuu cha Arizona, ulitoboa ardhi zaidi ya mita 200 kule Turkana magharibi na kule Baringo, wakatoa matope ya maziwa ya zamani kama soseji ndefu. Huyo Cohen ndio yule yule mwenye mwaka wa 1983, pamoja na Dussinger na Richardson, alichapisha kazi ya kusoma kemia ya maziwa ya Afrika kupitia ostrakodi.

Ganda linaongea aje kuhusu ziwa?

Kwa njia tatu.

Ya kwanza ni jina la mnyama. Kila spishi iko na maji yake. Kuna wenye wanataka maji baridi safi, na kuna wenye wanavumilia magadi, kama jamii ya Limnocythere. Ukishuka kwa tabaka za matope na uone wa maji baridi wanapotea, wa magadi wanaingia, jua ziwa lilikuwa linakauka na magadi yanapanda. Hapa ndio ule uongo wa ganda unauma. Ukikosea jina, umekosea chumvi, na umekosea historia yote ya mvua. Ndio maana mtaalamu anakazana na alama za misuli na meno ya bawaba. Umbo la nje pekee halitoshi.

Ya pili ni kemia. Kumbuka ganda linajengwa upesi kutoka kwa maji ya siku hiyo. Jua likivuta maji, oksijeni nyepesi inatoroka kwanza na ile nzito inabaki ziwani. Ganda linabeba huo uwiano. Ni kama risiti, imeandikwa bei ya siku hiyo na haibadiliki.

Ya tatu ni saizi. Mahali wadudu waliishi kweli, utapata maganda makubwa na madogo pamoja, juu ya zile nguo za utotoni. Ukipata makubwa tupu, mkondo wa maji ndio umeyachagua na kuyaleta kutoka kwingine.

Na ukikosa ganda kabisa? Usiruke kusema hakukuwa na maji. Huenda magadi yalizidi hata mgumu wao akashindwa, ama ganda liliyeyuka ndani ya matope. Hapo wanaita mashahidi wengine, kama mwani mdogo wa diatomu. Ile chaki nyeupe ya Kariandusi, karibu na Elementaita, ni diatomu tupu.

Sasa rudi Rhonda

Ukiunganisha matope, fuo za zamani zenye ziko juu ya vilima, na umri wa kaboni, picha ni hii. Miaka kama 9,000 hadi 10,000 iliyopita Nakuru na Elementaita zilikuwa ziwa moja la maji baridi, limepanda mita karibu 180 juu ya usawa wa karne iliyopita. Hiyo kazi ya fuo ilifanywa sana na Celia Washbourn-Kamau, na tarehe zikachapishwa mwaka wa 1972. Na mita 180, Rhonda yote iko chini ya maji. Kaptembwa pia. Hyrax Hill, kwenye Mary Leakey alichimba mwaka wa 1937, ilikuwa rasi ama kisiwa.

Halafu mvua ikapungua na ziwa likarudi nyuma mpaka likawa hiki kidimbwi cha magadi cha flamingo. Katikati ya miaka ya tisini lilikauka karibu kabisa. Tangu 2010 hivi limetoka kama kilomita za mraba 40 mpaka zaidi ya 60. Kuna mvua, na kuna udongo unashuka kutoka Mau iliyokatwa miti.

Kwa hivyo jibu la lile swali ni hili: ndio, ziwa limewahi kupanda, na kushinda hapa. Linapumua. Hii haimaanishi kesho maji yanafika steji. Ile safari kubwa ilihitaji mvua ya karne nyingi. Na haimaanishi binadamu hana lawama, juu msitu ukikatwa maji yanakimbia. Inamaanisha kwamba ukingo wa ziwa wenye wewe ama mzazi wako aliuona mwaka wa 1995 haukuwa mpaka wa kudumu. Ilikuwa tu siku moja ya ziwa.

Kwa hivyo msee akikuambia kuna ploti ya bei poa upande wa chini, karibu na ua wa mbuga, usiulize bei pekee. Uliza wazee maji yalifika wapi mwaka wa 2020. Chimba futi mbili. Ukipata udongo mwepesi mweupe mweupe, peleka kidogo kwa mtu anajua udongo kabla utoe doo ya sako.

Na kama unataka kumwona ostrakodi kwa macho yako, usiende mto Njoro, maji yake si ya kuchezea. Tafuta dimbwi lenye limekaa wiki kadhaa, ama tangi la zamani lenye majani chini. Chota tope kidogo, weka kwa sahani nyeupe na maji, acha litulie, halafu washa tochi ya simu. Ukiona tupunje kama tuharagwe tunakimbia kwa mwendo wa kuruka ruka, ndio hao. Hata tope likikauka usitupe. Mayai ya wengine yanavumilia ukame. Karne ya kumi na tisa Mnorwei Georg Ossian Sars alikuwa anatumiwa matope makavu kutoka Australia na Afrika Kusini, anaongeza maji tu, na wanyama wanatoka.

Jaribu na ya dimbwi la mtaa wako. Ongeza maji, funika juu ya mbu, subiri wiki mbili.